Ati Shahada ya Kuzalisha?

 

Wiki hii ninaanza na kisa cha nyumbani. Jumapili iliyopita ukoo wetu ulikutana Magomeni, kwa baba yetu mkubwa, kwa jambo moja tu: karo ya binti wa dada yangu. Binti huyo amemaliza kidato cha sita, amefaulu vizuri masomo ya sayansi na amepata nafasi chuo kikuu. Mkopo aliopewa hautoshi, kwa hiyo kilichobaki ni juu ya ndugu. Chai ilinywewa, vitumbua vikaliwa, na watu walikuwa wameshaanza kutaja ahadi zao. Ndipo baba mkubwa alipouliza, "Kwani anakwenda kusomea nini hasa?"

Binti akajibu kwa adabu, "Ukunga, babu. Shahada ya ukunga. Miaka minne."

Mzee akaweka kikombe chini. "Ati shahada ya kuzalisha? Mama yangu mimi alizalisha nusu ya kijiji, hali hajui kuandika hata jina lake. Leo watu wazima tuuze mbuzi ili mtoto akakae miaka minne darasani, kisha aje kukata kitovu? Kama ni udaktari, sawa. Kama ni ukunga, si kuna vyuo vya cheti?"

Watu wakacheka. Baadhi wakaanza kukubaliana naye kwa vichwa. Ahadi zikasimama. Kikao kikaahirishwa hadi Jumapili hii, na mzee akanigeukia mimi: "Wewe mtu wa redio, unayejua mambo ya dunia nzima, siku hiyo utatueleza."

Sasa, baba mkubwa, najua kila wiki unanisikiliza, redio ikiwa pale dirishani. Sitasubiri Jumapili. Nitakujibu leo hii, mbele ya watu wote. Na kwa kuwa elimu yangu mimi imeishia kwenye stashahada ya uandishi wa habari, hakuna atakayesema kwamba ninawapigia debe wenye shahada wenzangu.

Nianze na bibi. Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Bibi yetu aliijua kazi. Nikiwa mdogo nilimwona akija kuchukuliwa usiku wa manane, mtu yuko mlangoni na kandili, naye anajifunga kanga ya pili na kutoka bila kuuliza atalipwa nini. Aliweza kuweka viganja juu ya tumbo na kusema mtoto amelala vipi. Na alikuwa na busara ya kujua mwisho wa uwezo wake. Akimwona mzazi asiyemwelewa, alisema mapema, "Huyu mpelekeni hospitali, tena kabla jua halijazama."

Lakini siku alipofariki dunia, hakuna aliyeweza kutuambia alizalisha watoto wangapi. Hakuna aliyejua wangapi walikufa mikononi mwake, wala mama zao wangapi, wala kwa sababu gani. Hakuandika, na hakuna aliyemwandikia. Ujuzi wake wote tuliuzika pamoja naye, siku moja, saa kumi alasiri.

Hapo ndipo penye shina la mazungumzo yetu ya leo. Swali la baba mkubwa si jipya. Limeulizwa kwa karne nyingi, kila mara kwa neno jingine. Zamani waliuliza, mkunga kitabu cha nini? Baadaye, mkunga cheti cha nini? Leo tunauliza, mkunga shahada ya nini? Na kila mara jibu limepatikana baada ya makaburi mengi kuchimbwa.

Turudi nyuma sana, kiasi cha miaka 1,900. Palikuwa na tabibu aliyeitwa Soranus, mzaliwa wa Efeso, mji uliokuwa katika nchi ambayo leo ni Uturuki, naye alifanya kazi zake Roma. Aliandika kitabu juu ya magonjwa ya wanawake na uzazi, na ndani yake akaeleza mkunga anayefaa ni wa namna gani. Awe mwenye akili, mwenye kumbukumbu, mchapakazi, mwenye heshima, mwenye viungo imara, vidole virefu na kucha fupi. Lakini sifa aliyoitanguliza, msikilizaji, ni kwamba awe anajua kusoma, ili aielewe kazi kwa maarifa na si kwa mazoea peke yake. Akasema hata si lazima awe amewahi kuzaa mwenyewe. Hayo yaliandikwa katika karne ya 2. Nawaomba wale wanaosema kwamba mkunga msomi ni mambo ya kisasa wayatafakari.

Hata hivyo, maneno ya Soranus hayakufungua milango. Kwa karne nyingi ujuzi wa uzazi ulibaki ni siri: siri ya nyumba, siri ya ukoo, na wakati mwingine siri ya biashara. Hapo ndipo tunapokutana na akina Chamberlen.

Familia hii ilikimbia Ufaransa mwaka 1569 na kuhamia Uingereza. Kati yao walitoka waganga wa uzazi waliobuni koleo la kumvuta mtoto aliyekwama njiani. Kifaa hicho kingeweza kuokoa mama na mtoto ambao vinginevyo wangekufa. Je, walikitangaza? La hasha! Walikificha kwa zaidi ya miaka 100, baba akimrithisha mwana. Inasimuliwa kwamba walikileta kwa mzazi ndani ya sanduku kubwa, na kwamba mama mwenyewe alifungwa kitambaa machoni asije akakiona. Mwaka 1813, katika nyumba moja ya Essex iliyowahi kuwa mali ya familia hiyo, makoleo yalikutwa yamefichwa chini ya sakafu. Hebu fikiria, msikilizaji, ni wanawake wangapi walikwenda kaburini katika miaka ile, wakati dawa ya tatizo lao imelala sandukuni mwa watu waliotaka fedha.

Ujuzi ukifichwa huua. Hilo ndilo somo la kwanza.

Somo la pili linatoka Ufaransa. Alikuwapo mkunga wa Paris aliyeitwa Angélique du Coudray. Huyu hakutaka siri. Mwaka 1759 alitoa kitabu cha ukunga, na mwaka huo huo Mfalme Louis wa 15 akampa hati ya kuzunguka nchi nzima akiwafundisha wanawake wa vijijini. Alizunguka kwa zaidi ya miaka 20, mji hadi mji, na wanafunzi wake walihesabika kwa maelfu.

Tatizo lake lilikuwa moja. Wengi wa wanafunzi hao hawakujua kusoma. Utamfundishaje mtu asiyesoma jinsi mtoto anavyogeuka ndani ya tumbo asiloweza kulifungua aone? Mama yule akatengeneza sanamu ya kiungo cha uzazi cha mwanamke, ya ukubwa wa kweli, kwa kitambaa, ngozi na pamba, pamoja na mwanasesere wa mtoto na kitovu chake. Mwanafunzi aliingiza mkono, akapapasa, akakosea, akarudia tena na tena, na hakuna aliyekufa kwa kosa lake. Sanamu moja ya aina hiyo imehifadhiwa hadi leo katika jumba la makumbusho mjini Rouen. Ukiingia leo katika chuo cha ukunga ukakuta wanafunzi wamezunguka sanamu ya plastiki, kumbuka kwamba bibi wa sanamu hiyo ni ile ya kitambaa.

Nakusikia, baba mkubwa, ukisema: "Sawa, wafundishwe. Lakini chuo kikuu? Wasomi ndio wanaojua kuzalisha?" Hilo ni swali zuri, na sitalikwepa. Tena nitakupa ushahidi unaokuunga mkono wewe.

Twende Vienna, mji mkuu wa Austria. Katika hospitali kuu ya mji huo palikuwa na kliniki mbili za uzazi. Tangu mwaka 1840, kliniki ya kwanza ilitumika kuwafundishia wanafunzi wa udaktari, vijana wa chuo kikuu. Ya pili ilikuwa ya kuwafundishia wakunga. Jengo moja, mji mmoja, wazazi wa hali moja. Sasa sikiliza hesabu za mwaka 1846. Katika kliniki ya wasomi walijifungua wazazi 4,010, wakafa 459. Katika kliniki ya wakunga walijifungua 3,754, wakafa 105. Yaani kwa wasomi walikufa zaidi ya 11 katika kila 100. Kwa wakunga hawakufika hata 3.

Wanawake wa Vienna hawakuhitaji kuonyeshwa takwimu hizo. Walijua. Walipiga magoti na kulia wasipelekwe kliniki ya kwanza. Wengine waliona afadhali wajifungulie njiani.

Daktari mmoja kijana kutoka Hungaria, jina lake Ignaz Semmelweis, hakuweza kulala kwa sababu ya jambo hilo. Akaanza kuuliza kwa nini. Ni hewa? Hewa ni moja. Ni msongamano? Kliniki ya wakunga ndiyo iliyojaa zaidi. Jibu alilipata kwa msiba. Mwezi Machi 1847 rafiki yake, Profesa Jakob Kolletschka, alikatwa kidogo na kisu wakati wa kupasua maiti, akaugua na kufa, na ugonjwa uliomuua ulifanana kabisa na ule uliowaua wazazi. Ndipo Semmelweis akatambua. Wanafunzi wa udaktari walikuwa wanatoka chumba cha maiti, mikono bado inanuka, na kwenda moja kwa moja kuwapima wazazi. Wakunga hawakuwa wanapasua maiti. Tofauti yote ilikuwa hapo.

Katikati ya Mei 1847 akaamuru kila mtu aoshe mikono kwa maji yenye klorini. Mwaka 1848 kliniki ya kwanza ilipokea wazazi 3,556, wakafa 45. Ya pili ilipokea 3,219, wakafa 43. Zikawa sawasawa. Wakubwa wengi wa taaluma hawakupenda kuambiwa kwamba mikono yao ndiyo iliyoua, wakampinga. Semmelweis alifariki mwaka 1865 katika nyumba ya wagonjwa wa akili, kabla dunia haijakubali kwamba alisema kweli.

Umeona, baba mkubwa? Nimekupa silaha. Unaweza kusema, "Hao hapo wasomi wako, waliwamaliza wanawake, na wakunga wasio na digrii wakawaokoa." Kweli tupu. Elimu isiyonawa mikono ni hatari kuliko ujinga. Yeyote anayekwenda kusoma ukunga chuo kikuu na asikisome kisa hiki, amesoma bure.

Lakini tuulize swali la pili. Wakunga wale wa kliniki ya pili walikuwa wamelishika jibu mikononi mwao kwa miaka sita. Kwa nini si wao waliolitoa? Kwa sababu hapakuwa na aliyewauliza, wala wao hawakupewa nafasi ya kuuliza. Walifundishwa kuzalisha, wakazalisha vizuri. Kukaa na daftari la vifo, kulinganisha chumba na chumba, mwaka na mwaka, kusimama mbele ya maprofesa na kusema "jamani, hapa pana jambo", hiyo ilikuwa haki ya watu wa chuo kikuu. Wakunga wakakaa na jibu, wanawake wakaendelea kufa chumba cha pili.

Hilo ndilo jambo ninalotaka ulibebe, msikilizaji, hata ukiyasahau mengine yote. Mkono wa mkunga unaweza kufundishwa bila shahada, na kwa karne nyingi umefundishwa hivyo. Shahada inampa kitu kingine. Inampa haki ya kuuliza "kwa nini", ya kuhesabu, na ya kusikilizwa anapotoa hesabu yake.

Na haki hiyo haikutolewa kirahisi. Huko Uingereza, baada ya mabishano ya miaka mingi na upinzani wa madaktari wengi, sheria ya wakunga ilipitishwa mwaka 1902. Kwa mara ya kwanza mkunga wa England na Wales alitakiwa kufundishwa, kufanya mtihani na kuandikishwa, na kuanzia mwaka 1910 asiye na cheti hakuruhusiwa kuifanya kazi hiyo kama riziki yake. Ilikuwa hatua kubwa. Lakini iliundwa bodi ya kuwasimamia wakunga, na sheria haikudai kwamba ndani ya bodi hiyo awemo hata mkunga mmoja! Wenye kazi walihukumiwa na wasio na kazi hiyo. Ni kama chama cha wavuvi kinachoongozwa na watu wasiowahi kulowa maji.

Mafunzo ya vyeti yakavuka bahari na wamisionari hadi kwetu Afrika Mashariki. Mfano mzuri uko kwa majirani zetu wa Uganda. Daktari Albert Cook alianzisha hospitali ya Mengo mwaka 1897. Mkewe, Katharine, alikuwa muuguzi, na yeye ndiye aliyesimama kidete kuwafundisha wasichana Waafrika ukunga. Mwishoni mwa miaka ya 1910 wakaanzisha shule ya wakunga pale Namirembe, iliyokuja kuitwa kwa jina la Lady Coryndon, mke wa gavana wa wakati huo. Mtu na mkewe wakaandika kitabu cha ukunga kwa Kiganda. Lilikuwa jambo zito, msikilizaji. Binti wa Kiganda aliweza kusoma kwa lugha ya mama yake kwa nini damu inatoka na kwa nini homa inapanda baada ya uzazi. Wasichana wale walipomaliza walipelekwa kwenye vituo vya vijijini, wakiwa wadogo kwa umri kuliko wazazi wengi waliowahudumia. Katika jamii ambayo kwa desturi uzazi ni jambo la watu wazima, haikuwa rahisi binti mdogo kuaminiwa. Kilichomwaminisha ni kazi yake.

Kilima cha pili, pale Nsambya, alikuwapo mtawa wa Kikatoliki kutoka Ireland, Mother Kevin, aliyefika Uganda mwaka 1903. Yeye naye alihimiza mafunzo ya ukunga. Lakini alikuwa na kizuizi cha ajabu. Kanisa lake halikuwaruhusu watawa kuzalisha. Masista waliojitolea maisha yao kuhudumia wagonjwa walitakiwa kusimama kando pale mama anapopata uchungu. Ruhusa ilitolewa na Roma mwaka 1936, tarehe 11 Februari. Hapo tena utaona kwamba kikwazo hakikuwa mikono ya wanawake wale. Kikwazo kilikuwa ni nani mwenye kuamua.

Tusogee karibu zaidi na siku zetu. Kuna karatasi moja ambayo kila mkunga wa leo anaijua, inaitwa patografu. Ni mchoro wa kufuatilia uchungu wa mzazi: njia imefunguka kiasi gani, moyo wa mtoto unapigaje, saa ngapi zimepita. Ina mstari wa tahadhari, na mbele yake, umbali wa saa nne, mstari wa kuchukua hatua. Karatasi hiyo ilichapishwa mwaka 1972 na madaktari Philpott na Castle, baada ya kazi yao katika mji ambao leo unaitwa Harare, Zimbabwe. Ilitungwa Afrika, kwa ajili ya mkunga aliye mbali na daktari, ili ajue wakati wa kusubiri na wakati wa kumpeleka mzazi hospitali kubwa. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Bibi yetu alikuwa na mstari wake wa tahadhari kichwani, ndiyo maana alisema "kabla jua halijazama". Tofauti ni kwamba wake ulikufa naye, na huu wa karatasi unaweza kusomwa na mkunga wa zamu inayofuata.

Mwezi Februari 1987 wakuu wa mashirika ya dunia walikutana Nairobi na kuzindua kampeni ya uzazi salama. Tangu hapo dunia ikaanza kuhesabu kwa makini akina mama wanaokufa kwa uzazi, na ilipohesabu ikashtuka. Hata mwaka 2023, kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, walikufa wanawake wapatao 260,000, yaani zaidi ya 700 kila siku. Kwetu Tanzania, utafiti wa taifa wa afya wa mwaka 2015 na 2016 ulikadiria vifo 556 katika kila vizazi hai 100,000. Utafiti wa mwaka 2022 ukakadiria 104. Ni mafanikio ya kujivunia, na yana sababu nyingi: vituo, barabara, dawa, damu, vyumba vya upasuaji. Lakini kituo kipya kisicho na mkunga ni nyumba tu iliyopakwa rangi. Na ripoti ya kimataifa ya mwaka 2021 ilisema dunia ina upungufu wa wakunga 900,000.

Ni katika miaka hiyo hiyo ndipo ukunga ulipoanza kupanda ngazi za chuo kikuu. New Zealand ilipitisha sheria mwaka 1990 ya kumruhusu mkunga kumhudumia mzazi kwa mamlaka yake mwenyewe, na mwaka 1992 shahada ya ukunga ikaanza kufundishwa. Huko Ontario, Kanada, ambako kwa muda mrefu ukunga haukuwa na nafasi katika sheria, taasisi tatu zikaanza kufundisha shahada hiyo mwaka 1993. Uingereza, ile ile iliyobishana miaka mingi juu ya cheti, tangu mwaka 2008 inamtaka mkunga mpya awe na shahada. Na hapa nyumbani, Muhimbili, iliyoanza mwaka 1963 kama shule ya udaktari na kuwa chuo kikuu kamili mwaka 2007, leo inatoa shahada ya kwanza ya ukunga. Vipo vyuo vikuu vya Kenya na Uganda vinavyofanya hivyo pia.

Wanasoma nini miaka yote hiyo? Wanasoma mwili wa binadamu ulivyoumbwa na unavyofanya kazi, dawa na madhara yake, kifafa cha mimba, upungufu wa damu, malezi ya mtoto njiti. Wanakesha leba na kuzalisha chini ya uangalizi. Lakini pia wanasoma takwimu, utafiti, ualimu na uongozi. Hapo ndipo watu wanapocheka, na hapo ndipo mimi sicheki. Kwa sababu kwa miaka mingi mkunga aliyetaka kusonga mbele mara nyingi alilazimika kuuacha ukunga na kusomea jambo jingine. Kazi isiyo na ngazi ya juu huwapoteza watu wake hodari, na ile nafasi ya juu hukaliwa na mgeni.

Sisemi kila mkunga awe na shahada. Wenye vyeti na stashahada ndio wanaobeba mzigo mkubwa usiku wa leo, tunapozungumza hapa. Anayewadharau hajawahi kusubiri nje ya mlango wa leba. Mimi nimesubiri.

Ni miaka kumi na tisa sasa. Dada yangu alijifungua usiku katika kituo kimoja cha afya huko mkoani, ambacho sitakitaja. Mtoto alitoka salama, kondo la nyuma likatoka, sote tukashukuru Mungu. Kisha damu ikaanza, na haikukoma. Mji wa mimba ukishindwa kujikaza baada ya uzazi, mishipa inabaki wazi, na mama anaweza kuisha ndani ya saa mbili. Mkunga alikuwa mmoja, mama wa makamo, mwenye cheti. Umeme haukuwapo. Alikanda tumbo, akachoma sindano ya kuukaza mji wa mimba, akabana kwa mikono yake miwili na hakuachia, huku akimwamrisha mlinzi akatafute gari. Chumba hicho hicho kulikuwa na wazazi wengine watatu wenye uchungu, na alikuwa akiwasemesha kwa sauti, mmoja mmoja, bila kuondoa mikono yake kwa dada yangu. Alimwokoa. Mtoto aliyezaliwa usiku ule ndiye anayeombewa karo leo.

Jumapili ile, kikao kilipovunjika, nilimsindikiza binti huyo kituoni. Nilidhani atalia. Hakulia. Akaniambia, "Mjomba, babu ana haki. Yule mkunga alikuwa na cheti tu na alimwokoa mama. Lakini wazazi walikuwa wanne na yeye alikuwa mmoja. Kuna mahali watu walikaa wakaamua kwamba usiku atoshe mmoja. Mimi nataka niijue leba kama yeye. Halafu siku moja na mimi niwe nimekaa mahali pale."

Daladala ikaja, akapanda. Nami nikabaki nimesimama nikiwaza wakunga wa Vienna, waliokaa na jibu miaka sita bila mtu kuwauliza.

Baba mkubwa, hilo ndilo jibu langu. Mama yako alikuwa mkunga hodari, na laiti angepata mtu wa kumfundisha kalamu, leo tungekuwa na daftari lake. Hatukumpa. Mjukuu wa mtoto wake anaiomba kalamu hiyo. Jumapili nitakuja mapema, na bahasha yangu nitaiweka mezani kabla ya chai. Mbuzi usiwauze wote, mmoja atatosha kuanzia.

Hadi wiki ijayo, tukijaliwa.